TAHADHARI wavuvi wa Ziwa Nyasa: fundi wa mashine ya kuonea samaki "asiyetoboa boti"

Wavuvi wenzangu wa Matema, Itungi, Lupingu, Manda mpaka Mbamba Bay, na nyie mnaokaa Mbeya mjini mkaachia vijana boti wavue: kuna mtu anazunguka na mashine za kuonea samaki. Anajiita fundi. Mpole, anatembea na drili kwenye begi la shule, na akishajua unatoka Kyela anakuambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kabla hujampa hata mia. Mimi ameshanila milioni moja na nusu. Jina lake siliweki hapa, suala liko polisi na RB ninayo. Namba ya simu ndiyo kabisa haina maana, anabadilisha kama shati. Ila mchezo wake ni uleule, na huo ndio nataka muujue.

Nilimpata kwenye kundi la WhatsApp, nikapanda Mbeya baada ya kuuza kokoa. Tukakutana Mwanjelwa kwenye kibanda. Mashine iko juu ya meza, betri ya pikipiki pembeni, kioo kinawaka. Samaki wanapita! Matao mekundu na ya njano, kina mita 18.4, joto la maji nyuzi 24, chini mwamba unapanda na kushuka. Na mimi mtu mzima, mwenye wajukuu, sikujiuliza maji yako wapi. Meza ya mbao, sokoni, zaidi ya kilomita mia kutoka ziwani, na mimi natoa macho.

"Mzee wangu, hii inasoma mpaka mita 1,000," akasema. Ziwa letu lenyewe pale penye kina kikubwa kuliko kote ni kama mita 700. Hilo nalo nililimeza. Nikatuma laki saba ya kuanzia, jina likaja la mwanamke. Akaniambia ni mke wake.

Siku mbili baadaye akashuka Matema. Boti yangu ni ya mbao, ina mashine ya nyuma, ilikuwa imevutwa mchangani tunaikalafati. Nikamwonyesha ubao wa nyuma, nikidhani ndipo kile kidude cha kutoa sauti, transdusa, kinapofungwa. Akacheka. "Kutoboa boti ni mambo ya zamani, mzee. Tunabandika kwa ndani, inapiga chini kupitia mbao." Akafuta sakafu ya boti kwa kitambaa, akaminya silikoni nyeupe, ileile ya kuzibia madirisha, akakandamiza kidude, akatuambia tule wali kwanza ikauke.

Tuliporudi akawasha. Samaki wale, kina mita 12.6. Kijana wangu wa boti akauliza taratibu, "Baba, mbona boti bado iko mchangani?" Fundi akajibu bila kupepesa macho, "Inapiga mbele, imeshayapata maji." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikamlipa laki sita na nusu iliyobaki. Alipanda bodaboda hata chai hakungoja. Nikikumbuka lile swali la kijana mpaka leo naona aibu.

Usiku ule hapakuwa na mbalamwezi, tukatoka na taa kufuata usipa. Kioo kikasema mita 12.6, kikapanda 18.4, kikarudi 12.6. Kijana ndiye aliyegundua: kuna tao moja kubwa jekundu, nyuma yake vidogo vitatu, linapita, likikaa kidogo linapita tena, walewale kwa mpangilio uleule kama gwaride. Tukashusha kamba yenye jiwe. Pima ishirini zikaisha, jiwe linaning'inia tu. Wanaojua pale chini ya milima ya Livingstone wanajua ziwa linavyoporomoka ghafla. Pima ishirini ni zaidi ya mita 36, na kioo kinaniambia 12.6!

Binamu yangu aliyewahi kuvua baharini ndiye aliyenifumbua macho. Alibonyeza menyu mara tatu, akanionyesha neno dogo la Kiingereza, Simulator. Kwenye mashine nyingine utakuta Demo. Mashine hizi zina picha za maonyesho zilizowekwa humohumo ndani ili wenye maduka waonyeshe wateja. Zinacheza hata kama transdusa haijachomekwa. Binamu akazima yale maonyesho, kioo kikabaki na mistari ya takataka, na sehemu ya kina ikaweka vistari tu. Ndicho ilichokuwa inaona kweli: hakuna.

Akanieleza na sababu. Transdusa inatuma mlio mkali ambao sikio halisikii, mara nyingi wa 200 kHz kwa maji ya kawaida na 83 au 50 kwa kina kirefu, kisha inangoja mwangwi. Sauti ndani ya maji inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mita 15 inafika chini na kurudi kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Mashine inahesabu muda huo tu, haina uchawi mwingine. Adui wake ni hewa. Mbao imejaa vinyweleo vya hewa, sauti inafia humo. Kubandika kwa ndani kupo kweli, binamu hakukataa, lakini ni kwa boti ya faiba iliyoshiba, isiyo na povu wala mbao katikati, na gundi yake ni epoksi iliyomwagwa bila kiputo hata kimoja. Anayekuambia inaona kupitia mbao ama hajui kazi, ama anajua sana.

Mnadhani nilikoma? Nilimpigia fundi mara kumi na moja, ya kumi na mbili akapokea, akasema basi tutatoboa, laki moja na nusu. Akaja, akatoboa chini karibu na mkuku, akapitisha transdusa yenye mwili wa plastiki, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Mbao ikilowa inavimba, nyie mnajua, ndiyo maana boti mpya inavuja siku mbili kisha inajifunga yenyewe. Ikavimba, ikaibana plastiki, wiki ya tatu shingo ikapasuka. Tulikuwa mbali na ufukwe, mwera umeanza kuvuma, watu watatu wanachota maji kwa ndoo na wa nne kakalia tundu na blanketi. Kwenye boti ya mbao, kinachopitishwa chini kinatakiwa kiwe cha bronzi, siyo plastiki. Hili liko kwenye karatasi za maelekezo za watengenezaji. Yeye karatasi alisema zimebaki Mbeya.

Kwa boti zetu njia nyepesi ni ile niliyoidhania mwanzo: ubao wa nyuma, kwa kibano chake, kidude kiwe ndani ya maji muda wote, uso wake ukitazama chini wima, kama sentimita 40 kutoka kwenye propela ili mapovu yasikipofushe, wala kisikae nyuma ya ubao au kichwa cha msumari kinachochemsha maji. Waya wake usikatwe na usifungwe pamoja na nyaya za injini. Fyuzi iwepo. Kwangu hakuweka, nilikuta waya mbichi umeunganishwa na betri kwa selotepu.

Na hela ya mwisho ilipwe mkiwa majini, fundi akiwa ndani ya boti na wewe. Shusha kamba yako ya pima, linganisha na kioo. Kisha mwambie achomoe waya wa transdusa. Samaki wakiendelea kuogelea, rudini ufukweni. Risiti ya EFD idai kabla, maana mimi nilipofika polisi nilikuwa na ujumbe wa simu tu wenye jina la "mke". Zile meseji zake za kuomba nauli nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Boti sasa iko mchangani, tundu limezibwa kwa kipande cha mninga. Kioo kiko sebuleni, wajukuu wanakiwasha jioni. Aliyewahi kufungiwa transdusa ya kweli huku kwetu, ikasoma, aniambie alifungiwa na nani na kwa shilingi ngapi. Jumamosi nitakuwepo Lyulilo kwenye soko la vyungu, kama unapenda kuniona ana kwa ana.