Cheti cha jina Lefebvre: fremu safi, nembo ya kubuni

Mume wangu ni Lefebvre. Mimi mtoto wa Tanga nimelibeba jina hilo hapa Lille, Ufaransa, mwaka wa tisa sasa bila kujua limetoka wapi. Kwa hiyo Desemba, nilipopita kibanda cha kuuza vyeti vya asili ya majina, nikatoa yuro 35. Unataja jina, muuzaji anabonyeza kompyuta, dakika tano unakabidhiwa karatasi iliyotiwa rangi kama imelowekwa kwenye chai, kingo zimeunguzwa kidogo ionekane ya kale, ndani ya fremu.

Haki yao niwape. Fremu ni mbao kweli. Na maana ya jina wameipatia: mhunzi, kutoka Kilatini faber. Neno lenyewe, fèvre, Wafaransa wameshaliacha, mhunzi leo wanamwita forgeron, lakini limejibanza ndani ya orfèvre, yaani sonara. Ile b katikati inakula bure, haitamkwi. Makarani wa zamani waliichomeka ili jina lifanane na Kilatini. Tena siku hizo u na v hazikutofautishwa katika maandishi, basi wapo waliosomwa vibaya hadi wakaishia kuitwa Lefébure. Hayo ya b sikuyakuta kwenye cheti, ilibidi niyatafute mwenyewe. Wala hawakugusia kwamba Fabre na Faure wa kusini, na Le Goff wa Bretagne, nao ni wahunzi hao hao kwa lugha za kwao. Kwa yuro 35, jamani!

Kilichoniudhi hasa ni nembo. Ngao nyekundu, simba, nyundo mbili, chini imeandikwa "Nembo ya ukoo wa Lefebvre". Ukoo upi? Karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na yeyote kati yao angeweza kuitwa hivyo. Akina Lefebvre si ndugu. Nembo ilikuwa mali ya mtu au familia fulani, haikuwa ya kila mwenye jina. Mwaka 1696 Mfalme Louis XIV, vita vikiwa vimemkausha hazina, aliamuru nembo ziandikishwe kwa malipo, na mafundi wa kawaida wakabandikwa nembo wasizoziomba ili tu wadaiwe ada. Mama mkwe alipoiona hii yetu aliangua kicheko: "Simba? Sisi hata paka hatukuwahi kufuga."

Nikahamia kwenye nyaraka za mkoa wetu wa Nord. Ziko mtandaoni, hulipi hata senti. Nawaonya tu kuhusu mwandiko wa mapadri, Jumapili mbili nilishinda macho yamenitoka. Lakini nikampata Lefebvre wetu: ubatizo wa miaka ya 1740, kijiji karibu na Cambrai. Padri kaandika Lefebure. Baba wa mtoto, hapo hapo chini, katia saini Lefebvre, b yake ina tumbo kubwa na wino umevujia herufi ya jirani. Kazi yake: mulquinier, mfumaji wa kitani laini. Huenda babu yake wa mbali alifua chuma, yeye alishika uzi.

Cheti nimekichomoa. Ndani ya fremu sasa upo ukurasa ule wa ubatizo, nimeuchapisha kazini. Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za fremu.