Mto wa kulalia wa dola 15 kutoka Kadutu: kukoroma kumepungua, pumzi bado inakatika

Mto huu nimeulalia miezi minne sasa, hapa Bukavu. Ninachoandika nimekiona mwenyewe, na mke wangu amekisikia.

Zamani nilikuwa na mito miwili, mmoja juu ya mwingine, yote ya vipande vya sponji. Jioni inainuka kama kilima. Ikifika saa nane usiku vipande vimekimbilia pembeni, mimi niko chali na kidevu kimegusa kifua. Nilikoroma hadi watoto wa chumba cha pili wakawa wanafunga mlango. Asubuhi kichwa kinauma na mdomo umekauka. Mchana nasinzia ndani ya taksi-basi ya kutoka Bagira. Mara mbili ilinipitisha Nyawera nikiwa usingizini.

Soko la Kadutu, mama muuzaji alianzia dola 20, tukapatana 15. Ni sponji moja nzito, isiyo ya vipande, yenye bonde katikati. Aliniruhusu kuujaribu, na hapo namshukuru. Niliusimamisha ukutani, nikauegemea kwa ubavu kama nimelala, mke wangu akanitazama kwa mbele. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, kichwa kikaangukia bega. Wa pili ulileta pua yangu sawa na katikati ya kifua, tukauchukua huo. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi iliyo kati ya sikio na godoro, kwa hiyo mwenye mabega mapana asinunue kwa kipimo cha mtu mwembamba.

Ukilala chali, ulimi na nyama laini za koo huanguka nyuma. Hewa inapenya kwa shida, nyama zinatetemeka, na kutetemeka huko ndiko kukoroma. Mto mrefu unaokunja shingo unazidi kuibana njia hiyo.

Siku nne za kwanza shingo iliuma. Wiki ya pili kukoroma kukashuka sana, mke wangu akaniambia, "Papa, sasa tunalala." Tulifurahi, tukadhani yamekwisha.

Kisha usiku mmoja mtoto wetu mdogo alishikwa na homa, mama yake akakesha naye. Akaona kifua changu kinahangaika kupanda, lakini hakuna hewa inayotoka. Akachukua simu, akahesabu sekunde 22. Nikashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa ziwani, nikalala tena, na ikarudia. Miaka yote kelele zangu zilikuwa zikimwamsha ananisukuma. Mto ulipozipunguza, yeye akapata usingizi, na mimi nikabaki bila wa kuniangalia. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu muuzaji mmoja jirani alituapia kwamba mto wa aina hii "unaponya" kukoroma.

Daktari niliyemwendea aliiita hali hii apinea ya usingizi: njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena. Kuanzia mara 5 kwa saa ni ugonjwa mwepesi. Mara 30 na zaidi ni mkali. Alinipima shingo, sentimita 44, akasema kwa mwanamume kupita 43 kunaongeza hatari. Presha ilikuwa juu. Akauliza kuhusu bia ya jioni, maana pombe inalegeza misuli ya koo. Bia nimeiacha.

Ikithibitika kwa kipimo cha usiku kwamba ni mkali, tiba yake ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisizibe. Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliieleza mwaka 1981. Inataka umeme usiku kucha, na kwetu umeme hukatika, kwa hiyo ninaulizia bei ya betri pamoja na bei ya mashine.

Mto siutupi. Unanisaidia kukaa ubavu, ingawa haunizuii kugeuka. Mke wangu ameshona mfuko mgongoni mwa fulana yangu ya kulalia, akaweka ndani mpira wa watoto wa kufunga kwa kamba. Nikienda chali unanichoma, narudi ubavu. Jumamosi alikesha akahesabu tena: kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa sekunde 14.