Uzoefu Wangu na Reli za Peco za Milimita 12: Kuijenga Stesheni ya Kigoma kwa Kipimo cha 1:87

Anayetaka kuijenga stesheni ya Kigoma kwa mfano mdogo analazimika kuamua jambo moja kabla hajashika msumeno wala brashi ya rangi, nalo ni upana wa reli atakazotandika. Seti za treni za mfano zinazouzwa kwa wingi Ulaya na Marekani ni za kipimo cha HO, yaani 1:87, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87, na reli zake zimeachana kwa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata takriban milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR yetu inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwezi Februari 1914 ina upana wa milimita 1,000. Ukitandika seti ya kawaida mbele ya jengo la Kigoma, hata jengo lenyewe likiwa limechongwa kwa ustadi mkubwa, mtu aliyekulia mwisho wa reli ataona mara moja kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa huenda asiweze kukitaja. Kwa sababu hiyo nilinunua reli za Peco, kampuni ya Uingereza ya reli za mfano, za milimita 12, zile zinazopindika, za kundi linaloitwa HOm, yaani reli ya mita moja kwa kipimo cha HO, na baada ya kuzitumia kujenga stesheni yote pamoja na kipande cha bandari, nina maoni ya kutosha ya kumsaidia anayefikiria kazi kama hii.

Hesabu kwanza, maana ndiyo iliyonishawishi. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo reli ya milimita 12 imezidi kwa nusu milimita tu, tofauti ambayo jicho haliioni hata ukiinama karibu. Faida yake ni pana kuliko Kigoma, kwa sababu reli hiyohiyo inamfaa anayetaka kujenga Tabora, Moshi, Tanga, Voi, Nairobi au Kampala, zote zikiwa stesheni za reli ya mita moja. Hata mpenzi wa TAZARA hajaachwa nyuma, kwani upana wa TAZARA ni milimita 1,067, ambao kwa kipimo hiki ni milimita 12.3, na akijenga Mlimba au Mbeya atakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi niliyejenga Kigoma.

Reli inakuja kwa vipande vya milimita 914, kila kimoja kikiwakilisha karibu mita 80 za njia halisi. Chuma chake ni cha aloi ya nikeli, hakishiki kutu, na katika joto na unyevu wa Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Ukikishika kipande na kukipinda polepole kwa vidole, mataruma, yaani vile vipande vya kulalia reli, yanaachana upande wa nje na kusogeleana upande wa ndani, na reli ya ndani inachomoza mwishoni kwa sababu njia yake ni fupi zaidi. Hapo ndipo inapokatwa. Mimi hutumia koleo maalumu la kukatia reli, kisha nalainisha ncha kwa tupa ndogo mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe, na ndipo ninapovisha kiungio. Mahali pa kuungana huacha mwanya mwembamba kama kucha, kwa kuwa plaiwudi iliyo chini huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na reli isiyoachiwa nafasi hujikunja na kuinuka. Kwa ulaini wa kupindika na kwa jinsi inavyobaki pale ulipoiweka, reli hii nimeipenda bila kusita. Mkunjo wa kuingilia stesheni yangu umetulia, hauna kona za ghafla, na mabehewa marefu yanaupita bila kuyumba.

Jambo ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua mapema ni kwamba reli hii haikubuniwa kwa ajili yetu. Mwonekano wake umefuata reli nyembamba za Uswisi, na mataruma yake yanaiga mbao, mishipa ya mti ikionekana waziwazi. Wajerumani walipoijenga Reli ya Kati, wakianza Dar es Salaam mwaka 1905, kufika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, walitandika mataruma ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii angeyamaliza ya mbao kabla deni halijalipwa. Taruma la chuma lina umbo la hori lililofudikizwa, ncha zake zimekunjwa kuelekea chini ili zishike kokoto, na sehemu kubwa yake imezama. Kinachoonekana ni mgongo tu wenye rangi ya kutu. Nilifikia mwonekano huo kwa kusugua mataruma ya plastiki kwa msasa laini mpaka mishipa ya mbao ikafutika, kuyapaka rangi ya kahawia iliyochanganywa na chungwa kidogo, kisha kumimina kokoto mpaka zifike usawa wa mgongo wa taruma, juu kidogo kuliko inavyofanywa katika mifano ya Ulaya. Kokoto zenyewe ni mchanga wa mtoni uliochujwa kwa chujio mbili, ukagandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na kudondoshwa kwa bomba la sindano. Ni kazi ya subira, lakini baada yake njia inafanana na ile unayoikuta ukiteremka kutoka kwenye behewa pale Kigoma.

Kuhusu kimo, reli hizi ni za kodi 75, maana yake ni inchi 0.075, takriban milimita 1.9. Kwa ukubwa halisi hiyo ni zaidi ya sentimita 16, kimo cha reli nzito kuliko ile ya uzito wa wastani iliyozoeleka kwenye njia zetu. Kiwanda kina sababu yake, kwani reli fupi zaidi hukataa magurudumu ya modeli nyingi, na mimi naona uamuzi wao ni wa busara kwa mnunuzi wa kawaida. Ukipaka ubavu wa reli rangi ya kutu na kuacha sehemu ya juu tu ing'ae, kimo hicho kinapotea machoni. Mtu anayetaka usahihi wa mwisho kabisa atalazimika kujitengenezea reli taruma kwa taruma, kazi ambayo mimi sikuiona ina faida kwa stesheni yenye njia nyingi.

Pointi, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ndizo zilizonipa kazi kubwa, na ndizo zinazostahili maelezo zaidi. Nilichukua zile ambazo kipande cha katikati, pale reli mbili zinapokutana kwa umbo la V, ni cha chuma kinachopitisha umeme, maana injini hizi hupata umeme wake kutoka kwenye reli. Faida yake ni kwamba injini ndogo yenye magurudumu machache haizimiki ikipita pole pole, na katika stesheni ya mwisho, ambako injini inakata mabehewa, inazunguka na kurudi kushika mkia uliogeuka kuwa kichwa, mwendo wa pole pole ndio maisha yenyewe. Sharti lake ni kwamba reli mbili zinazotoka kwenye V lazima zivishwe viungio vya plastiki visivyopitisha umeme, na kila kipande cha njia kinachofuata kiwe na waya wake wa kukiletea umeme kutoka chini ya ubao, la sivyo utapata shoti kila pointi inapogeuzwa. Niliongeza pia swichi ndogo chini ya kila pointi, ibadilishe umeme wa V sambamba na ulimi wa pointi, ile reli inayosogea kugeuza njia, kwa sababu vumbi letu huingia haraka kati ya ulimi na reli na kukata mgusano. Tangu niweke swichi hizo, sijalazimika kusukuma injini kwa kidole. Chombo cha kuendeshea treni nacho kilitoka Uingereza, na kwa kuwa umeme wa huko ni volti 230 na plagi ni ya pini tatu za bapa kama yetu, kilichomekwa ukutani bila kigeuzi chochote.

Malalamiko yangu yanahusu usafirishaji. Muuzaji wa mtandaoni niliyemtumia alizifunga reli ndani ya katoni nyembamba, na zilipofika baadhi yake zilikuwa zimepindwa wima, yaani kwa upande ambao haupaswi kupinda kabisa. Reli iliyopindwa hivyo hainyooki tena vizuri na inabidi ikatwe vipande vifupi vya sehemu zisizoonekana. Anayeagiza amwombe muuzaji afunge reli kati ya mbao mbili nyembamba kabla ya kuzitia kwenye katoni, hata kama atalipia zaidi. Bei ya reli zenyewe ni ya wastani kwa bidhaa za aina hii. Usafiri na ushuru ndivyo vinavyouma, kwa hiyo ni afadhali kuagiza vyote kwa mkupuo mmoja.

Jengo la stesheni halikuhitaji chochote kutoka nje. Kwa ruhusa ya wahusika nilipiga picha za kuta nikiwa nimesimama mkabala nazo, nikiwa nimeegemeza ukutani fimbo yenye alama za kila sentimita kumi, na kwa kuifuata fimbo hiyo nikapata vipimo vya milango, madirisha na matao. Michoro niliipeleka kwa mafundi wa mabango wenye mashine ya leza. Ubao wa MDF wa milimita 3 kwa kipimo hiki ni ukuta wa sentimita 26, unene unaolingana vizuri na kuta nzito za enzi ya Mjerumani, na kina cha tao kikaonekana chenyewe bila kubandika chochote. Leza inaacha kingo zenye masizi, na masizi hayo hupenya rangi nyeupe na kuichafua kwa madoa ya njano. Kingo zote zisuguliwe msasa na kupakwa koti la msingi kabla ya nyeupe. Kwa huduma ya namna hiyo iliyopo mjini, sioni sababu ya mtu kuagiza jengo la Kijerumani la plastiki kutoka Ulaya na kulilazimisha liwe Kigoma.

Mabehewa niliyapata kwa kutumia magurudumu na fremu za Bemo, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza modeli za reli ya mita moja ya Uswisi, na juu yake nikajenga bodi za plastiki kwa kufuata mabehewa ya East African Railways, rangi ya damu ya mzee chini na krimu juu, kama yalivyokuwa miaka ya 1960. Magurudumu hayo na pointi za Peco zinaelewana kabisa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni bandari. Kigoma bila ziwa haijakamilika, kwa kuwa reli ilikwenda kule kutafuta maji, mizigo ya Kongo na Burundi, na meli. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa vipande hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye mabehewa ya reli hii hii na kuunganishwa Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, na baada ya kuibuliwa ilirudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba. Urefu wake ni mita 71.4, ambao kwa 1:87 ni sentimita 82, na kipimo hicho kimoja kiliniamulia upana wa meza nzima. Kwenye gati nilizamisha reli ndani ya plasta mpaka juu, nikiacha mfereji wa kupitisha ukingo wa gurudumu, na reli ya Peco ilivumilia plasta na kusuguliwa kwake bila kulegea kwenye mataruma. Behewa la mizigo likisimama pale kando ya Liemba, uwiano wa behewa, reli na meli unakubalika, na uwiano huo usingepatikana kwa reli ya milimita 16.5.

Kwa anayeanza, orodha ya chini kabisa ya kuagiza ni reli zinazopindika, pointi za kushoto na za kulia, viungio vya chuma na viungio vya plastiki. Hivi vya plastiki viongezwe zaidi ya hesabu, kwa sababu ni vidogo, huruka kwenye koleo na kupotea sakafuni, na madukani hapa sijavikuta.