Mutt kwenye mtandao dhaifu: uzoefu wangu wa msimu mmoja wa korosho Mikindani

Ninatunza hesabu na barua za chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho hapa Mikindani, Mtwara, na kwa msimu mzima uliopita barua pepe zote za chama nimezisoma na kuzijibu kwa Mutt, programu isiyo na picha wala vitufe vya kubofya, ambayo huendeshwa kwa kibodi peke yake ndani ya dirisha la amri. Wazo hilo lilinijia Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku zile ukurasa wa barua pepe kwenye kivinjari ulizunguka tu bila kufunguka, ilhali nilichokuwa nikikisubiri ni barua ya mistari sita kutoka ghalani, ambayo ingepita hata katika mtandao mwembamba kabisa.

Michael Elkins aliianzisha Mutt mwaka 1995, enzi ambazo mtandao wa karibu kila mtu ulikuwa wa polepole, na umri huo unaonekana katika uchache wa inachokidai. Kompyuta mpakato yetu ina kumbukumbu ya GB 2 na mfumo endeshi wa Debian 12, na programu hufunguka papo hapo.

Kazi ilikuwa katika kuisanidi, nayo ilinichukua jioni tatu. Mipangilio yote huandikwa kwa mkono katika faili liitwalo .muttrc, na mwanzoni niliiunganisha Mutt moja kwa moja na seva kwa njia ya IMAP, yaani kanuni ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva, mlango 993. Seva ilikataa nenosiri langu mara kwa mara, nami nikadhani nimekosea herufi, kumbe mtoa huduma hapokei tena nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za aina hii: ilinibidi kwanza niwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha nitengeneze nenosiri maalumu la programu lenye herufi 16. Nenosiri hilo nimelifunga kwa GnuPG, programu ya kusimba siri, kwa sababu kuliacha wazi ndani ya faili la mipangilio, katika kompyuta inayoguswa na watu wanne, ni hatari kwa fedha za wakulima.

Hata baada ya kukubaliwa, kila nilipofungua kisanduku Mutt ilivuta vichwa vya barua zote upya, na mtandao ulipokatika nilibaki bila kitu. Mabadiliko ya kweli yalikuja nilipoacha kuunganisha moja kwa moja na kuanza kutumia mbsync, ambayo hunakili barua zote kwenye diski, nayo msmtp ikabeba kazi ya kutuma. Sasa ninawasha intaneti ya simu kwa dakika chache asubuhi na jioni, ninavuta barua, kisha ninazisoma bila mtandao wowote. Ninayoiandika mtandao ukiwa umezimwa ninaiweka kama rasimu kwa kubonyeza P, na jioni ninaiita tena kwa R na kuituma.

Kipengele kimoja cha mbsync kinastahili kusifiwa peke yake, nacho ni MaxSize. Nimeweka kikomo cha MB 1, hivyo barua yenye kiambatisho kizito hufika kama taarifa fupi tu, na nikiona ninaihitaji ninaitia alama kwa F, nayo huletwa kamili katika mvuto unaofuata. Kabla ya hapo, picha za matangazo zilikuwa zikila kifurushi kilichokusudiwa orodha za malipo.

Utafutaji nao umenipunguzia kazi nyingi. Mkulima anapokuja kuuliza kuhusu mzigo wake wa mnada uliopita, ninabonyeza l, ninaandika ~f ghala ~d <2w, na zinabaki barua za ghala za wiki mbili zilizopita peke yake, naye anajibiwa akiwa bado amesimama mlangoni.

Barua zilizoandikwa kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, zilinisumbua, kwani zilionekana kama msitu wa alama. Dawa yake ni kuweka auto_view text/html katika .muttrc, na katika faili la mailcap, linaloeleza kila aina ya faili ifunguliwe kwa programu gani, kuongeza mstari unaoita w3m, kivinjari cha maandishi matupu, na kuishia na neno copiousoutput. Nilipolisahau neno hilo, barua hizo hazikubadilika hata kidogo. Majedwali mapana bado hupoteza mpangilio wake, na muhuri uliotumwa kama picha lazima niuhifadhi kwanza ndipo niufungue kwa programu nyingine.

Mweka hazina wetu, mama ninayemheshimu sana, alijaribu kwa siku mbili akaniambia, «Mwanangu, mimi niachie ya kwenye simu.» Nimemwachia, na kwa kuwa alichokisoma yeye kwenye simu huonekana kimesomwa hata upande wangu baada ya mvuto, hatujajibu barua moja mara mbili tangu Oktoba.