Siku ya mwisho Xi'an: masaa matatu dukani, dakika ishirini msikitini

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Nilimpeleka mzee wangu China kwa ziara ya kikundi. Ni mwalimu wa madrasa mstaafu, anatembea kwa bakora, na Xi'an nzima alikuwa na haja moja tu: Msikiti Mkuu, ule ulio karibu na Mnara wa Ngoma. Wale askari wa udongo, sanamu za kale zilizofukuliwa ardhini, aliwatazama, akauliza kama ni kweli waliibuliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, basi, yakaisha. Kila usiku hotelini swali lilikuwa, "Msikitini lini?" Namwonesha ratiba: siku ya mwisho, asubuhi nzima.

Asubuhi yenyewe ilipofika tukapelekwa kwenye duka la mawe ya jade. Kiongozi alisema nusu saa. Tukaingizwa chumbani, binti mmoja akatuhutubia, akagonganisha bangili mbili tusikie mlio, akakwaruza kioo, eti kuthibitisha ni jade halisi. Halafu ukumbi wa kaunta zisizokwisha, mlango wa kutokea uko mwisho kabisa. Bangili niliyotajiwa yuan 6,800 ilishuka mpaka 900 nilipogeuza mgongo. Gari halikuletwa mpaka watu watatu wanne walipofungua pochi. Masaa matatu! Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, bakora mapajani, anatazama saa.

Nikamwendea kiongozi, nikasema naye kwa upole: huyu ni mtu mzima, amekuja kwa ajili ya msikiti. Hakuinua macho kwenye simu. Akajibu, "Msikiti ni majumba ya zamani tu. Mmeshaona ya kutosha."

Mbele ya baba yangu. Mzee Kiingereza anakijua, alisikia kila neno. Akanishika mkono, "Mwanangu, usigombane, tuwahi."

Tulipewa dakika ishirini kabla ya safari ya uwanja wa ndege. Hakuna kuba pale. Ni mapaa ya Kichina yenye ncha zilizoinuka, ua baada ya ua, na mnara wa msikiti wenyewe ni banda la orofa tatu lenye pembe nane. Jiwe la kumbukumbu linautaja mwaka 742 kuwa ndio wa kuasisiwa msikiti, ingawa mengi yanayoonekana leo ni ya enzi ya wafalme wa Ming, karne ya 14 hadi ya 17. Sikupata hata nafasi ya kumweleza, maana alitembea haraka kuliko nilivyomwona miaka mingi. Ukumbi wa sala huingia Waislamu peke yao. Mzee mmoja wa pale mwenye kofia nyeupe akamtolea salamu, akamshika mkono, wakaingia. Hawana lugha nyingine ya kuzungumza isipokuwa hiyo salamu. Ukutani Qur'ani imechongwa kwenye mbao, na baba akawa anaisoma kwa sauti ndogo, ubao hadi ubao, kisha akasali rakaa mbili za kuuamkia msikiti.

China yote inafuata saa ya Beijing, na Xi'an iko magharibi zaidi, kwa hiyo huko jua hupinduka saa saba kasoro. Sisi tulitolewa saa sita na robo. Yaani wakati tuliokalishwa kutazama bangili ungetosha kabisa mzee asali adhuhuri na jamaa wa pale!

Baadaye nimesoma kwamba sheria ya utalii ya China ya mwaka 2013 inakataza kampuni kupeleka wageni kwenye duka ililolichagua yenyewe bila makubaliano nao, na aliyenunua ana siku 30 tangu ziara iishe kuidai kampuni imshughulikie kurudisha bidhaa dukani na kumlipa fedha zake. Mama mmoja wa Malaysia tuliyekuwa naye nimeshamtumia ujumbe kumjulisha.

Haki niseme: siku za mwanzo zilikwenda vizuri, chakula cha halali hakikukosekana, na ule mkate unaoumega mwenyewe ndani ya mchuzi wa kondoo, mtaa wa Waislamu, nautamani hadi leo. Nilitaka kuwapa hawa wa kampuni ya ziara nyota tatu. Nikikumbuka "majumba ya zamani tu" mkono unakataa. Nyota moja. Hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Lakini Xi'an nendeni, nawasihi. Teksi mpaka Mnara wa Ngoma, ulizeni uchochoro wa Huajue, mkae mpaka adhuhuri iadhiniwe. Mimi nimeshaanza kuweka akiba ya kumrudisha mzee, wiki nzima, mji huo mmoja, bila kiongozi.