PipeWire katika kompyuta ya duka: akaunti tatu, jozi moja ya spika

Kompyuta ya duka letu la steshenari hapa Mkunazini ina akaunti tatu za kazi. Yangu ni ya hesabu, ya kaka ni ya kuchapisha kazi za wateja, na ya tatu tumeipa jina la duka, kwa kuwa shughuli yake kubwa ni kufunguliwa redio asubuhi na kuachwa ikisema mpaka tunapofunga mlango. Spika ni jozi moja tu, zimewekwa juu ya rafu ya madaftari. Ninachokieleza hapa ni uzoefu wangu wa kuutumia PipeWire, mfumo wa sauti unaokuja na Debian 12 (aina moja ya Linux) yenye mazingira ya skrini ya GNOME, ili akaunti zote tatu zisikike katika spika hizo kwa wakati mmoja. Kazi hiyo PipeWire unaiweza, tena vizuri, lakini hauifanyi mpaka uelekezwe.

Ukiachwa ulivyo, mambo huenda hivi: redio inasema katika akaunti ya duka, kaka anahamia akaunti yake bila ya kuifunga ile ya kwanza, na papo hapo redio inanyamaza. Mpwa wangu anayetusaidia jioni alikuwa haishi kuniita, "Mjomba, redio imekatika tena." Redio yenyewe huwa haijafungwa. Programu inayoitwa systemd-logind humpa ruhusa ya kutumia vifaa vya sauti, yaani mafaili yaliyomo ndani ya /dev/snd, yule aliye mbele ya skrini kwa wakati huo, na akaunti ikibadilishwa, ruhusa hiyo humhama wa kwanza ikaenda kwa wa pili. PipeWire ya akaunti iliyoachwa nyuma huona kuwa ruhusa imeondoka, nayo huiachia kadi ya sauti. Siulaumu utaratibu huu, kwa sababu bila ya huo mtu angeweza kuiacha akaunti yake wazi kwa nyuma huku inarekodi kwa maikrofoni mazungumzo ya anayekuja kukaa baada yake. Kwa kompyuta ya watu wasiojuana ningeuacha vivyo hivyo. Sisi ni ndugu wa duka moja, na tulichokihitaji ni kingine.

Ushauri unaotolewa kwa wepesi ni kuwaingiza watumiaji wote katika kundi la audio, ambalo waliomo wana ruhusa ya vifaa vya sauti wakati wote, na ndio ushauri ambao siupendi hata kidogo. Kila mtumiaji huendesha PipeWire yake peke yake, na kadi nyingi za sauti zilizomo ndani ya kompyuta za kawaida hukubali kufunguliwa na programu moja tu kwa wakati mmoja kwa ajili ya kutoa sauti, kwa hivyo mwenye kuwahi ndiye mwenye spika. Ubaya zaidi ni kwamba WirePlumber, ambayo ndiyo inayopanga vifaa kwa niaba ya PipeWire, huiachia kadi baada ya sekunde chache za ukimya, basi wimbo ukiisha kabla ya wa pili kuanza, mwengine anaweza kuinyakua. Ipo pia njia ya zamani ya dmix, ambayo huchanganya sauti katika ngazi ya chini ya ALSA, sehemu ya Linux inayoziendesha kadi za sauti, nayo inafanya kazi, lakini humpotezea mtu uwezo wa kupandisha na kushusha sauti ya kila programu mbali mbali, na kwa duka letu hilo ndilo lililokuwa la lazima.

Njia niliyoifuata ni ya mwenyeji mmoja, yaani akaunti moja ndiyo inayoishika kadi na nyingine hupitisha sauti zao kwake. Akaunti ya duka peke yake ndiyo iliyomo katika kundi la audio, na kwa amri ya loginctl enable-linger duka, huduma zake huanza pale kompyuta inapowaka, hata kama hakuna aliyeingia. Jambo hili si dogo hapa kwetu, ambapo umeme unaweza kukatika na kurudi wakati mwenye akaunti hayupo. Kisha niliandika faili fupi ndani ya folda ya ~/.config/pipewire/pipewire-pulse.conf.d ya akaunti hiyo, na katika kipengele cha server.address, pamoja na "unix:native" iliyopo kwa kawaida, nikaongeza "unix:/srv/sauti/soketi". Soketi ni faili maalumu ambalo programu huzungumza kupitia kwake; ile ya kawaida haitoshi, kwa kuwa inakaa chini ya /run/user katika folda ambayo mtumiaji mwengine hawezi kuingia. Folda ya /srv/sauti inamilikiwa na akaunti ya duka na imefunguliwa kwa kundi nililolitunga la sauti, ambalo ndani yake tumo mimi na kaka tu.

Katika akaunti zetu mbili faili la ~/.config/pulse/client.conf lina mstari mmoja tu unaohusika, default-server = unix:/srv/sauti/soketi, na huduma zetu wenyewe za PipeWire na WirePlumber nimezifunga kwa systemctl --user mask ili zisije zikashindana na mwenyeji. Ukitaka kuhakikisha, amri ya pactl info itakuonyesha anwani ya soketi hiyo, na chini yake jina la seva, ambalo kwa Debian 12 husomeka PulseAudio (on PipeWire 0.3.65). Wapo wanaopendekeza tcp:4713, yaani mlango wa mtandao, badala ya soketi ya faili. Mlango huo ukiandikwa hivyo bila ya anwani husikiliza mtandao mzima, na kwa duka ambalo wateja wanaazima Wi-Fi, mtu yeyote mwenye simu angeweza kutuchezea spika. Mwenye kuutaka lazima basi aandike tcp:127.0.0.1:4713.

Tangu hapo redio haijanyamaza kwa sababu ya mtu kubadilisha akaunti. Mteja akija na flashi yenye video ya harusi na kutaka kuhakikisha kuwa sauti imo, kaka huifungua katika akaunti yake na ikasikika juu ya redio, huku katika pavucontrol, programu ya kupandisha na kushusha sauti, akiona mistari miwili, mmoja wa redio na mmoja wa video, kila mmoja na kipimo chake. Faida ninayoithamini zaidi ni ya wakati wa adhana. Zamani aliyekuwa mbele ya skrini ilimlazimu arudi kwanza katika akaunti ya duka, aandike nywila, ndipo aizime redio, na mara nyingi adhana ilikuwa imeshafika katikati. Sasa yeyote kati yetu huinyamazisha pale pale alipo, na baada ya sala huirudisha. Ucheleweshaji wa sauti sikuuhisi, na mashine yetu si mpya.

Malalamiko ninayo, na la kwanza ni zito: soketi hii haibagui baina ya kusikiliza na kurekodi. Anayeweza kutoa sauti kupitia kwake anaweza pia kuifungua maikrofoni, na anaweza kuipunguza au kuikata sauti ya mwenzake. Ndiyo maana akaunti ya mgeni, ambayo tunamfungulia mwanafunzi wa skuli anayekuja kuandika barua ya maombi, haimo katika kundi la sauti na huduma zake za PipeWire zimefungwa, kwa hivyo haitoi sauti kabisa. La pili, akaunti ambayo PipeWire yake imefungwa haiwezi kuonyesha skrini katika mikutano ya mtandaoni inapotumia Wayland, mfumo wa kuchora skrini katika Linux, kwa kuwa picha ya skrini nayo hupita humo humo. Kaka hana mikutano, na mimi mikutano yangu huifanyia nyumbani, lakini ofisi yenye mikutano ya kila siku itakwama hapo. La tatu, GNOME haina dirisha lolote la kuyapanga haya, yote ni mafaili na amri, na maelezo yake yametawanyika.

Mwenye spika ya Bluetooth asitarajie matokeo haya. WirePlumber kwa kawaida huiachia Bluetooth akaunti iliyo mbele ya skrini pekee, kwa hivyo mwenyeji anayefanya kazi kwa nyuma huikosa mara tu mwengine anapoingia. Ukitaka kuufuata mpango huu, nunua spika za waya.