Vikao sita na mshauri nasaha wa simu: nyota 4 kati ya 5

Nilijiandikisha nikiwa na hakika kwamba kazi ndiyo iliyonimaliza. Mshauri hakubishana nami, aliuliza tu: "Ulipokuwa likizo, ulifurahia nini?" Nikakosa jibu. Siku kumi nyumbani, na gitaa langu sikuligusa hata mara moja.

Hapo akaanza kunichambulia. Uchovu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutaja kuwa jambo la kikazi na si ugonjwa, hushikamana na kazi yenyewe: nguvu zinakwisha, unaichukia kazi, unajiona hufai kitu pale ofisini. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, haijui mlango wa ofisi. Inakufuata mpaka kitandani, hata yale uliyoyapenda yanachacha. Na vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja. Akanipa dodoso la maswali 9 la kupima dalili za sonona kwa wiki 2 zilizopita; nikapata alama 14 kati ya 27. Akasema alama si hukumu, nikamwone daktari, maana hata upungufu wa damu humchosha mtu hivyohivyo. Kwa ushauri huo pekee ningewapa nyota zote.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu simu ilikatika mara mbili nikiwa katikati ya kulia, na kumpata tena ikawa kazi. Mazoezi ya kupumua, mimi hayakunisaidia. Kilichonisaidia ni kupanga jambo dogo moja kila siku na kulifanya bila kungoja hamu. Juzi lilikuwa gitaa. Nyuzi mbili zilikuwa zimelegea. Nimezikaza, sijapiga bado.